Mwaka Tuliochonga Boma la Mzee Owuor

Wiki iliyopita nilialikwa kula pilau na waongo. Kile kituo cha ubunifu kilichoko hapa Kisumu, barabara ya kwenda Otonglo, kilikuwa kinasherehekea kuzaliwa kwake, na sisi tuliowahi kukaa pale tukaitwa turudi, tuvae vizuri, tupigwe picha. Nikaenda. Sijui nilitaka nini. Nadhani nilitaka tu kuona kama chumba chetu bado kipo. Kipo, kimekuwa stoo ya viti. Lakini ukumbini wametundika picha kubwa ya trekta ya miwa, ndogo, imekaa kwenye kiganja cha mkono, na chini yake wameandika kwamba huo ni mfano wa mashine ya kupalilia iliyobuniwa na marehemu Ochieng' kwa ajili ya wajane wa Muhoroni. Ati wajane. Wajane gani? Ile ni trekta ya kuvuta miwa na haijawahi kupalilia kitu. Ochieng' aliichonga kwa sababu aliipenda, basi, na kile kiganja ni changu. Mkurugenzi, ambaye siku hizi ana kitambi na sauti ya mchungaji, alisimama akasema kijana yule aliyatoa maisha yake kwa ajili ya akina mama. Watu wakapiga makofi. Niliweka sahani chini, pilau bado ina moto, nikatoka bila kuaga mtu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikigombana na watu wa nyumbani kwangu bila sababu, nikagombana na mwenye duka la mkate, na mwishowe nikaona heri niyaandike, la sivyo nitakuja kumpiga mtu bure.

Mwaka ninaouzungumzia nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nafanya kazi kwenye duka la mabango pembeni mwa Nyalenda, nakata herufi za plastiki za watu waliotaka majina yao yaonekane: hoteli, kinyozi, kanisa. Ochieng' alikuwa fundi wa printa na mashine za fotokopi. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati limechomekwa vizuri kila siku hata kama mikono imejaa wino. Alikuja kutengeneza printa yetu, akaimaliza, kisha akaomba kama anaweza kuokota vile vipande vya plastiki ngumu tulivyokuwa tunatupa. Nikamuuliza vya nini. Akatoa mfukoni gurudumu lenye ukubwa wa haragwe, lina meno yote ya tairi la trekta, amelichonga kwa wembe. Nilicheka, maana sikujua la kufanya. Nikamuuliza gari lenyewe liko wapi. Akasema gari linakuja, ila wembe umefika mwisho. Mkono wa mtu hauwezi kukata magurudumu manne yakafanana, na yeye hataki trekta inayochechemea. Alisema hivyo kwa uzito kabisa, mtu mzima amesimama mbele yangu na gurudumu la haragwe, na mimi nikajikuta nimeacha kucheka.

Alikuwa amekulia Muhoroni, katikati ya miwa, na akili yake yote ilibaki kule kwenye uwanja wa kupimia mizigo ambako matrekta hupanga foleni nje ya kiwanda. Alijua kila aina ya trela, lipi lina nguzo za chuma na lipi lina minyororo, jinsi mzigo unavyoegemea upande, jinsi madereva wanavyolala chini ya matrela wakingoja zamu. Alitaka uwanja ule wote, mdogo, juu ya meza. Kwenye mtandao alikuwa ameona wenzake: wazee wastaafu wa nchi za mbali wenye treni ndogo katika vyumba vyao vya chini, wenye meli, wenye vijiji vizima vyenye taa. Wanakaa miaka na miaka wakipaka rangi kofia ya mtu asiyezidi punje ya mahindi. Na hao, tafadhali, hakuna anayewauliza wanamsaidia mjane gani. Wanaambiwa wana kipaji, wanaambiwa wana subira. Kitu kile kile akikifanya kijana wa Muhoroni, kinakuwa ugonjwa unaohitaji maombi.

Mashine ya kiwandani ya kuchonga kwa kompyuta ilikuwa kitu cha matajiri, na sisi hatukuthubutu hata kuiulizia. Lakini Ochieng' alikuwa na gunia la printa zilizokufa, na alijua kwamba ndani ya kila printa kuna mota ndogo inayoweza kusogea kidogo kidogo kwa kipimo na kusimama pale ilipoambiwa. Hizo ndizo tulizotumia. Fremu tulichongesha kwa seremala, bodi ya kuziongoza mota ilikuja kwa posta kutoka mbali katika bahasha iliyobondeka, na kisu kilizungushwa na kile kimashine cha mkononi cha seremala cha kupunguza kingo za mbao. Unachora kitu kwenye kompyuta, programu inageuza mchoro kuwa amri, nenda kulia, shuka, rudi, panda, na kisu kinafuata. Siku ya kwanza tuliiambia ikate duara, ikakata yai. Tulikaa tukalitazama lile yai. Skrubu zilikuwa zinacheza, kisu kikigeuka kinachelewa kidogo kabla ya kuanza kurudi, na ule uchelewaji ukaharibu umbo. Ochieng' hakununa. Alifungua kila kitu, akakaza, akajaribu, yai likapungua unene, akafungua tena. Duara la kweli lilipotoka nilipiga kelele hadi watu wa vyumba vingine wakaja kutazama, wakakuta tunashangilia kipande cha plastiki kama kifungo cha shati.

Ndiyo, tulikuwa tumepewa chumba. Kituo kilikuwa kinatafuta vijana wenye mashine, na sisi tulikuwa na mashine. Chumba kilikuwa cha mwisho kwenye korido, dirisha linatazama ukuta, kina harufu ya plastiki iliyoungua na ya rangi. Mimi nilikuja jioni nikitoka kazini na siku zote za wikendi. Kazi yangu ilikuwa kuchagua plastiki, kupaka rangi, na kugombana na watu wa stima. Stima ikikatika katikati ya kazi mashine inasahau ilipo, na kitu ulichokichonga tangu asubuhi kinakuwa takataka. Na kulikuwa na wadudu wa ziwa, wale tunaowaita sam. Msimu wao ukifika wanapanda kutoka majini kama moshi, wanafuata taa, wanaingia hata pale usipoona tundu. Niliwahi kupaka trela zima rangi nyekundu, nikageuka kunywa chai, niliporudi lilikuwa limeota manyoya. Ochieng' alilitazama akasema tuliache hivyo hivyo, kwa sababu hata matrela ya kweli yana wadudu. Tulikula chapati madondo, yaani kwa maharage, ya Mama Pesh, aliyeuza langoni, tukiwa tumeketi juu ya gunia la printa, na Mama Pesh akawa anatuuliza kila siku kama trekta imeshaanza kutoka nje. Yeye peke yake hakuwahi kutuuliza inasaidia nani. Alitaka tu kujua dereva amevaa nini.

Mkurugenzi ndiye aliyeuliza. Alikuwa kijana bado, suruali zimembana, anatembea korido nzima akizungumza na simu. Vyumba vingine vilikuwa na vijana wenye programu za simu za kuwaambia wakulima mvua inanyesha, jambo ambalo wakulima waliliona wenyewe wakitoka nje, lakini hao alikuwa anawapiga kofi la mgongo kwa furaha. Kwetu alisimama mlangoni. Alishika trekta ya kwanza iliyokamilika, ile ya kwenye picha, akaigeuza, akasema ni nzuri sana, kisha akasema, "Lakini inasaidia nani?" Ochieng' akajibu kwamba haisaidii mtu, ni trekta tu. Mkurugenzi akacheka akidhani ni utani. Akatuambia mfadhili haleti pesa Kisumu ili watu wazima wacheze. Huku kuna umaskini, madam, kuna wajane, kuna yatima. Mimi nilimwambia mimi ndiye ninayekaa Nyalenda kwenye mabanda, yeye anakaa Milimani kwa matajiri, kwa hiyo asinifundishe umaskini unakaa wapi. Akasema nina hasira. Nilikuwa nayo, na bado ninayo. Kumwambia mtu maskini kwamba kila dakika yake ni lazima itibu umaskini wake ni kumfunga mara ya pili, na wanaofanya hivyo hujiita marafiki.

Wageni wa kwanza walipokuja, tulimsikia kupitia mlango ulioachwa wazi akiwaambia ile trekta ni mfano wa mashine ya kupalilia. Hapo ndipo wajane walipozaliwa. Ochieng' alikuwa amekaa kwenye kompyuta, akasimama ili akaseme ukweli, na mimi, niseme wazi, nilikuwa tayari kumfuata. Lakini walishapita, wakaenda kuonyeshwa mvua kwenye simu. Baada ya hapo Mkurugenzi alikuja na neno la mwisho. Kuna ujumbe mkubwa wa wafadhili unakuja kuhusu maji safi vijijini. Kama mpaka siku hiyo hatuna kitu cha maana cha kuonyesha, chumba kitapewa wengine. Bila chumba hakuna stima, na huko Nyalenda nilikokaa stima ilikuwa ya kubahatisha. Bila stima mashine ni meza yenye nyaya. Ochieng' alikuwa amekamilisha matrekta na matrela mengi, amebakiza mzani wa kupimia mizigo na foleni ya madereva. Alichokuwa anapigania kilikuwa kidogo hivyo: kumaliza uwanja wake.

Ni yeye aliyefikiria boma. Akasema wanataka maji, tutawapa maji. Tuchonge boma la kijijini lenye matangi ya kuvunia mvua kando ya kila nyumba, mfadhili afurahi, kisha watuache turudi kwa matrekta yetu. Na kwa kuwa yeye hakuweza kuchonga kitu asichokijua, boma likawa la baba yake. Tulikwenda Muhoroni Jumamosi kupima. Mama yake alitupikia ugali, mboga ya osuga na samaki wa kukausha kwenye mchuzi wa maziwa, tukala sebuleni kwenye viti vilivyofunikwa vitambaa vyeupe, na muda wote tuliokula Mzee Owuor, baba yake, alikuwa kibarazani nje ya dirisha akizungumza na jirani, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika. Alisema alisomesha fundi akapata mchongaji wa nyumba za panya. Alisema wenzake Ochieng' wana wake, wamejenga simba zao, huyu wake ana futi kamba. Mama alinisukumia mboga zaidi kwenye sahani na kuanza kuniuliza habari za soko la Kibuye. Ochieng' alikula mpaka akamaliza, akanawa, akatoka nje akaanza kupima nyumba ya mama yake kona kwa kona, baba yake akimtazama.

Lazima nieleze hapa, kwa wasiojua. Kwetu Waluo mwana wa kiume akishakuwa mkubwa halali tena nyumbani kwa mama yake. Anajenga simba, nyumba yake ya ujana, karibu na lango. Lakini mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Akimruka kaka yake, wanasema chira itaingia bomani, watu watakonda, watakufa, na hakuna hospitali itakayoona kitu. Sasa kaka yake Ochieng', Otieno, alikuwa Nairobi miaka mingi, anauza simu, na hakuwa na haraka ya kujenga kijijini. Kila Krismasi alisema mwaka ujao. Kwa hiyo Ochieng' alitukanwa kwamba hana nyumba, na akikusanya nguzo anaambiwa hawezi kujenga. Akija nyumbani alilala kwa binamu, kama mgeni. Baba yake alijua hilo vizuri, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anakataza. Mpaka leo nikifikiria ule mdomo wake dirishani natamani ningetoka na ile sahani ya mchuzi nikammwagia.

Tulichonga boma kwa moyo wote, mimi pia. Nyumba ya mama ilitoka na mikunjo yote ya mabati, kila mkunjo kisu kimepita peke yake. Tulichonga ghala, kibanda cha mbuzi, ua wa miti, lango lenye nguzo mbili na ile moja iliyoinama. Matangi ya maji tuliyaweka kama tulivyoamriwa. Kisha siku moja nilifika nikakuta Ochieng' ameinama mezani anabandika nyumba nyingine upande wa kushoto wa lango. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, mlango wa buluu, dirisha pana linalotazama barabara ya miwa. Sikuhitaji kuuliza ni ya nani. Upande wa kulia, mahali pa Otieno, palikuwa nyasi tupu. Mimi ni Mluo pia. Nikamwambia amchongee na Otieno moja, hata kakibanda, mashine si ipo, ni kazi ya jioni moja. Akakataa. Akasema Otieno hajajenga, na yeye hatachonga nyumba isiyokuwepo. Nikamwambia na yako je? Akaendelea kubandika, akapuliza vumbi, ndipo akasema, "Akoth, yangu ipo. Naiona kila siku. Otieno hata haioni yake." Nikamshikia ukuta gundi ikauke, kwa sababu alikuwa anasema kweli, na kwa sababu nilijiambia ni plastiki.

Mkurugenzi hakuona kasoro yoyote. Alikuwa mtu wa kwao kwingine na mambo ya malango hakuyajua, wala hakuuliza. Alilipenda boma hadi akafanya jambo ambalo hatukulijua mpaka siku yenyewe: alituma gari Muhoroni kumleta Mzee Owuor na mkewe, ili wageni wawaone wenye boma la kweli wakisimama nyuma ya lile dogo. Tulipokuwa tunapanga viti nilimwona Mzee anashuka na koti lake zito, Mama na kitambaa cha kanisani. Hakukuwa na nafasi ya kufanya kitu. Wageni walikuwa wamejaa, kamera zinamulika, Mkurugenzi anaeleza matangi. Mzee aliletwa mbele. Aliliinamia boma lake mwenyewe, na mwanzo, naapa, uso wake ulifunguka. Aliiona nguzo iliyoinama, akaigusa kwa kidole. Aliona kibanda cha mbuzi. Akasema kwa Kijaluo, taratibu, kwamba hata ufa wa ukuta wa jikoni upo. Sijawahi kumwona baba akimtazama mwanawe vile, na Ochieng' akasogea karibu kidogo.

Kisha macho ya Mzee yakafika langoni. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akarudi kulia. Alinyoosha mkono, akaishika ile nyumba ya mlango wa buluu kwa vidole viwili, akaing'oa. Gundi ilitoa mlio mdogo. Akaitia mfukoni mwa koti. "Hii itangoja," akasema. Mkurugenzi, akiona mbele ya wageni boma lina kidonda, akakimbilia na kicheko chake, akamwambia, "Mzee, si ni toy tu, kitu cha kuchezea?" Ndiyo. Mwaka mzima alitukataza kusema neno hilo, na siku tuliyohitaji lisisemwe akalisema yeye. Mzee Owuor akamgeukia. "Kama ni mchezo, bwana, mbona mmenitoa shambani kwangu?" Akatoka, Mama akamfuata akiwa ameshika kitambaa chake mdomoni. Ochieng' alibaki amesimama. Mahali nyumba ilipokuwa palibaki alama ya gundi, na wageni, wasioelewa kitu, wakaanza kuuliza tangi moja linaingiza maji kiasi gani.

Tulifukuzwa kabla ya mwezi kwisha. Mkurugenzi alisema tuliaibisha kituo mbele ya wageni. Chumba kilipewa vijana wengine wa mvua, na ile trekta akabaki nayo, akisema ni mali ya kituo kwa sababu ilichongwa kwa stima ya kituo. Boma lenyewe sikuliona tena. Mashine tuliifungua, fremu ikaenda kulala dukani kwetu nyuma ya mabango, mota zikarudi guniani. Nilimwambia Ochieng' tutafute kwingine, tukodi kibanda mjini, tuanze upya. Akasema ndiyo, ndiyo, kwanza aende Nairobi akamwone Otieno. Alikwenda kumwomba kaka yake ajenge chochote, hata cha udongo, ili na yeye apate kujenga. Otieno alimnunulia chakula hotelini, akamwambia atulie, mwaka ujao. Haya alinisimulia mwenyewe, akiwa ameketi juu ya ndoo ya rangi dukani, na hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote, kwamba ilibidi mimi nimkasirikie kwa niaba yake. Halafu akarudi Muhoroni, akawa anatengeneza mashine ya fotokopi ya mtu pale senta na kulala papo hapo, kwenye stoo ya karatasi isiyo na neti, kwa sababu kwa binamu amechoka kuwa mgeni na kwa mama haruhusiwi. Malaria ilimpandia kichwani. Walipomfikisha hospitali alikuwa haongei tena.

Nilifika kwa mazishi siku moja kabla, nikakuta boma limejaa watu na kelele za misumari. Mwili ulikuwa bado mochari. Wazee walikuwa wamekaa na kuamua: mtu mzima hawezi kuletwa bomani bila nyumba ya kulala usiku wake wa mwisho, kwa hiyo Ochieng' atajengewa simba. Lakini hawezi kujengewa kabla ya kaka yake. Basi Otieno akaja kutoka Nairobi na shati jeupe, na vijana wakasimamisha kwanza nyumba yake, upande wa kulia wa lango: nguzo, mabati, mlango. Akashika nyundo, akapiga msumari mmoja wa desturi, simu ikiwa sikioni. Kisha wakavuka njia, wakajenga ya Ochieng' upande wa kushoto. Zote mbili zilikamilika kabla ya chakula cha mchana. Miaka yote ile, aliomba, alisubiri, alisafiri, alilala stoo. Na kumbe ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Niliketi chini na wanawake waliokuwa wakimenya viazi, nikatazama mabati yakipanda, na nikamenya kiazi kimoja mpaka kikaisha mkononi.

Jeneza lililetwa jioni, likaingizwa ndani. Halikuenea vizuri, mlango waliuweka mwembamba na ikabidi waliinamishe, na nyumba yenyewe haikuwa na dirisha hata moja. Tulipotoka Mzee Owuor alikuwa amesimama karibu na lango na wazee wenzake. Alikuwa amezeeka ghafla, hilo sikatai, na macho yake yalikuwa mekundu. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniita nyathina, mwanangu, akanishukuru kwa kuja. Kisha akaielekezea kichwa ile nyumba ya mabati, akasema, "Angalau sasa kijana wetu ana nyumba."

Nadhani alitaka kufarijiwa. Nadhani mtu mwingine yeyote angemwambia, ndiyo Baba, Mungu ni mwema. Nikautoa mkono wangu. Nikamwambia, "Mzee, nyumba alikuwa nayo. Wewe ndiye uliyeing'oa." Wazee wakashtuka, mmoja akauliza huyu ni binti wa nani, na wanawake walikuwa wameshanifikia, wananivuta, wananinong'oneza ninyamaze, huu ni msiba. Watu wameniambia tangu wakati huo kwamba ningeomba msamaha, hasa kwa vile Mzee naye hakuishi muda mrefu. Sijaomba. Nilikuwa bado navutwa nilipomwona Otieno amesimama mlangoni pa nyumba yake mpya, akitazama ni kelele gani, na nikairudia sentensi ile yote, kwa sauti, ili na yeye asikie.